Usizime Mpaka Nirudi

Nyumbani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu huko juu mnakokaa na mawingu. Sisi wazima, ila kompyuta uliyomwachia Baba si nzima. Na kwa kuwa simu haishiki huko kwenye kituo chenu cha hali ya hewa, inabidi nikushtakie kwa kalamu kama watu wa zamani.

Kwanza feni. Inanguruma kutwa nzima. Mteja mmoja aliyeleta mashuka ya kufuliwa aliniuliza kama nimeongeza mashine ya kusaga. Pili, haioni intaneti kabisa. Jirani ametupa neno la siri la kwake, lakini pale pa kuchagua hapana kitu. Tatu, tangu wiki iliyopita inatoa tangazo kwamba nafasi imebaki kidogo sana. Nafasi gani, nawe ulituambia diski yake ni ghala zima? Mzee haweki picha wala muziki. Anaandika tu, kidole kimoja kimoja, tangu amalize chai mpaka nimwite kula. Anaandika nini, hasemi. Nikiingia hufunika kioo kwa kofia yake ya kazini, ile ya reli.

Nakuomba uharakishe kwa sababu ya macho yake. Daktari amesema la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, labda miezi miwili, labda mitatu. Kwenye karatasi ya kawaida haoni tena mstari. Kwenye kompyuta anakuza herufi mpaka kila moja inakuwa kama kidole gumba, ndiyo maana habanduki hapo. Alichoandika kwa miezi hii minane hataweza kukiandika mara ya pili. Nilimuuliza kama anaogopa upofu, akasema anaogopa kuishiwa na macho kabla ya kuishiwa na maneno.

Haya, sema tufanyeje na huo mfumo wako wa Linux.

Dada yako,
Dobi


Kituoni, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo pamoja na mafuta ya jenereta na kabichi, na ninakujibu lori likiwa bado linashusha mizigo. Dereva Ndevu hupanda Alhamisi tu, na akipiga honi ya tatu hangoji mtu.

Usiwe na wasiwasi. Hayo yote ni mafua ya kompyuta, si saratani. Feni inanguruma kwa sababu ya vumbi: chukua pampu ya baiskeli, puliza kwenye yale matundu ya ubavuni. Intaneti haionekani kwa sababu kadi yake inataka programu yake maalumu, hiyo nitaileta mwenyewe. Tangazo la nafasi ndilo linanishangaza kidogo, lakini mashine iliyokaa muda mrefu bila kupumzika huanza kuweweseka. Dawa ya kwanza ya fundi yeyote duniani ni hii: zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Tisa kati ya kumi hupona hapo hapo.

Mfumo wenyewe niliufunga vizuri na nilimaliza kila kitu kabla ya kuondoka, kwa hiyo usitafute kosa huko. Ila nifanyie hisani moja: kabla ya kuzima, niandikie kila unachokiona kwenye kioo, hata kama ni kitu cha kipuuzi. Mgonjwa akiwa mbali, daktari huishi kwa maelezo.

Huku upepo umevunja vikombe viwili vya kupimia kasi yake. Nimepanda mlingoti mara tatu wiki hii, na mikono imekuwa kama gome la mti. Honi ya pili hiyo.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 10 Machi

Mdogo wangu,

Pampu imesaidia, lakini mzee amekataa kuzima.

Nilimsomea barua yako mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, akauliza, "Imeandikwa kwa nani?" Nikamwambia imeandikwa kwangu. Akasema, "Basi si yangu." Halafu akanipa somo la reli, ambalo mimi na wewe tumelala nalo na kuamka nalo: kwamba kwenye kibanda cha ishara amri ya njia hutolewa kwa maandishi, hupokelewa kwa kurudiwa neno kwa neno, na anayeweza kuifuta ni yule yule aliyeitoa, kwa maandishi, kwa jina la yule yule aliyeipokea. Anasema mwezi wa saba, siku unaondoka, ulimwambia: "Baba, usiizime, wala usichomeke wala kuchomoa kitu, mpaka nirudi." Alikuandikisha kwenye daftari lake, ukatia sahihi huku unacheka. Daftari amenionyesha. Tangu siku hiyo kompyuta haijazimwa hata mara moja. Umeme ukikatika inashikwa na ile betri yake chovu mpaka urudi, na yeye hukaa hapo akiiangalia kama mtu anayemuuguza mtoto.

Ulitaka niandike ninachokiona. Juu kushoto kuna kifolda kimeandikwa "Barua". Chini yake kuna kisanduku kimeandikwa "Sakinisha mfumo huu". Pembeni kuna jina la mwenye mashine, lakini si la Baba, limeandikwa "mtumiaji wa majaribio". Neno la siri haiulizi kamwe, jambo ambalo nimelipenda. Ile flashi nyekundu uliyoiacha ubavuni bado ipo, Baba haruhusu hata iguswe kwa kitambaa cha vumbi.

Lakini nimechoka. Mwanamke wa miaka thelathini na minne nazuiwa kugusa swichi ndani ya nyumba ninayoilisha. Ijumaa hii, tarehe 14, Baba anakwenda kwa daktari wa macho na jirani. Akitoka tu mimi nitazima, nitahesabu thelathini zako, nitawasha, na akirudi ataikuta imepona. Ya gizani humalizikia gizani. Usinisaliti.

Dada yako,
Dobi


Kituoni, 13 Machi

Dada, usizime. Usizime. Usizime.

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, na hapo hapo nikachukua kalamu. Sikiliza vizuri, nakuandikia kwa lugha nyepesi. Kisanduku cha "Sakinisha" kikiwa bado kipo kwenye kioo, maana yake Linux haijaingia ndani ya mashine. Inatembea kutoka kwenye ile flashi nyekundu, kama mgeni anayelala sebuleni na begi lake. Diski ya kompyuta ni tupu. Kila neno aliloandika Baba tangu mwezi wa saba halimo kwenye diski wala halimo kwenye flashi. Limo kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo huishi kwa umeme tu. Mashine ikizimika, hata kwa sekunde moja, miezi minane inafutika, na hakuna fundi wala mganga atakayeirudisha. Ndiyo maana inalia kwamba nafasi imekwisha.

Leo ni Alhamisi, nawe umesema Ijumaa. Barua hii itakufikia Jumamosi. Nimempa Dereva Ndevu namba yako. Amekula kiapo kwamba akifika tu pale simu inaposhika, jioni hii, atakupigia na kukwambia usizime. Mwamini, ni mtu mzuri, sauti yake tu ndiyo mbaya.

Kilichotokea ni hitilafu ya flashi, inatokea. Mkitaka kuokoa: tafuteni flashi nyingine, ichomekeni upande wa kushoto, nakilini folda ya "Barua". Ile nyekundu isiguswe.

Anapiga honi ya tatu.

Fundi


Nyumbani, 14 Machi, saa tatu asubuhi

Mdogo wangu,

Dunia imeharibika. Jana jioni nilikuwa napiga pasi, simu ikalia, namba ngeni. Mwanamume mwenye sauti ya kukoroma ananiambia, "Mama, nimetumwa na mdogo wako. Usizime kompyuta." Nikamuuliza mdogo wangu yupi. Akasema, "Fundi, wa huko juu." Nikamuuliza kompyuta inamhusu nini. Akasema, "Mimi sijui, nimeambiwa tu usizime, kuna vitu ndani."

Kuna vitu ndani. Mimi si mtoto wa juzi. Mwaka jana mteja wangu mmoja alipigiwa simu ya namna hiyo hiyo, mtu anajua jina la kaka yake na kazi yake, mwisho wake walimkomba kila kitu. Wezi wa siku hizi wanataka mashine ikae wazi ili waingie. Nilimpa maneno yake, mdogo wangu, maneno ambayo marehemu mama angenifinya. Akapiga tena mara mbili. Nikaifungia namba yake.

Usiku kucha nilikuwa nasikia ile feni na kuwaza kwamba mtu yuko ndani ya nyumba. Kwa hiyo leo sikungoja hata vumbi la Baba litulie. Nikaenda chumbani kwake. Mzee ameweka kufuli mlangoni, na juu ya kufuli amefunga kitambaa chekundu na karatasi: "USIGUSE. Aliyeweka ndiye atakayeondoa." Kanijua kama kiganja chake.

Sasa nani mjanja? Nimetoka nje nikazima swichi kuu ya nyumba nzima. Pasi zimepoa, friji imenyamaza. Nimeketi kwenye kigoda nje ya mlango wake na ninakuandikia barua hii huku nikisikiliza. Feni bado inanguruma, ila sauti imeanza kushuka. Uliniambia mwenyewe betri hiyo haivuki robo saa. Ikifa nitahesabu thelathini zako na kurudisha umeme, na huyo mwizi atakuta mlango umefungwa.

Imeshuka tena. Inapigapiga kama moyo wa kuku aliyekimbizwa.

Mtoto wa jirani anakwenda posta sasa hivi, nampa barua hii aiwahishe. Nimefurahi, nisikufiche.

Dada yako,
Dobi


Kituoni, 20 Machi, saa tano

Baba,

Shikamoo.

Leo lori limeleta bahasha mbili, moja ya Dada na moja yenye mwandiko wako mkubwa wa wino mzito. Nimefungua ya Dada kwanza. Nimeisoma mpaka pale alipokaa kwenye kigoda akisikiliza feni ikifa, nikaiweka chini. Mwenzangu wa zamu alinikuta nimeduwaa mbele ya mashine za kupimia mvua, akadhani nimeletewa habari za msiba. Nilimwambia sijui kama ni msiba.

Bahasha yako iko mezani, bado haijafunguliwa. Nimeizuia makusudi. Ninachotaka kukwambia nataka nikiseme kabla sijajua kama maandishi yako yamepona au yamekufa, kwa sababu nikishajua nitakuwa mtu mwingine, na huyo mwingine simwamini.

Nilimwandikia Dada kwamba ni hitilafu ya flashi. Flashi haina kosa, Baba. Kosa ni langu. Ile asubuhi nilikuwa nimewasha Linux kwa kujaribu tu, ili uone herufi zinavyokuzwa. Kuisakinisha kulibaki, kazi ya nusu saa. Nilikwenda mara moja dukani kutafuta kebo, ndiyo maana nilikwambia usizime mpaka nirudi. Nilikusudia nirudi baada ya saa moja. Njiani nikapigiwa simu kwamba nafasi ya kazi huku kituoni ni yangu kama nitawahi lori la siku hiyo. Nikakimbia kuliwahi bila hata mkoba. Baadaye mkaniuliza kwa barua kama kompyuta imekamilika, nikajibu nimemaliza kila kitu. Niliona haya kusema nimeondoka kazi iko nusu, mimi ambaye watu wote wa mtaa huniita Fundi. Halafu nikausema uongo huo mara nyingi mpaka nikausahau na mimi mwenyewe. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha mpaka ukataka kukuulia kazi yako ya mwisho ya macho.

Hilo ndilo langu. Sasa nafungua yako.

Mwanao


Nyumbani, 16 Machi

Kijana,

Naandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi, mistari minne kila karatasi. Vumilia wingi wa karatasi.

Taarifa kwanza. Tarehe 14 daktari hakunikalisha. Alimulika jicho la kulia, akaniambia niende nikatazame ninachopenda kutazama. Kwa hiyo nilirudi mapema, saa nne kasoro dakika tano. Nyumba haina umeme. Dada yako kwenye kigoda, ananiambia mwizi, mwizi. Nilikwenda kwenye swichi kuu, nikaipandisha. Nikafungua kufuli. Feni inazunguka. Kwenye kioo betri ilikuwa asilimia mbili. Ile betri uliyoisema vibaya ilisimama zamu yake dakika arobaini. Iombe radhi.

Jana barua yako ikafika. Dada yako aliisoma hadi mwisho, akateleza ukutani mpaka sakafuni. Aliniuliza, "Ningekuwa nimefuta nini, Baba?" Nikamwambia barua. Akauliza za nani. Nikamwambia atajua zamu yake ikifika.

Sasa swichi kuu ina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Hatua zako za kunakili nimezisikia. Ni nzuri, lakini umemwandikia dada yako. Mimi ulinipa amri ya kutochomeka na kutochomoa, nawe hujaifuta. Najua utasema mzee ni mkaidi. Nitakwambia kwa nini, na wewe ni wa kwanza kuambiwa.

Wewe na dada yako mmekua mkijua kwamba ile ajali ya treni ya miaka thelathini na mitatu iliyopita ilitokana na mvua kukata waya wa ishara. Uchunguzi ulisema hivyo. Waya ulikatika kweli. Lakini kabla haujakatika nilikuwa na amri ya maandishi mkononi: zuia treni ya pili. Mwenzangu wa kituo cha chini alipita akikimbia mvua, akanipigia kelele kutoka njiani: wamefuta, njia iko wazi. Hakuwa yeye aliyeitoa amri ile. Hakikuwa kitu zaidi ya mdomo. Mimi nilikuwa na baridi, nilitaka zamu iishe, nikaukubali mdomo wake. Walikufa watu tisa. Mwenzangu alifariki kabla ya kuulizwa, na mimi niliulizwa juu ya waya, nikajibu juu ya waya.

Ile safari yangu ya kila mwezi ya kufuatilia pensheni haikuwa ya pensheni. Nilikuwa nawatembelea jamaa zao mmoja mmoja. Nyumba nane. Nawasalimu, nasema nilimfahamu marehemu, nakaa, naondoka, na lile neno sijawahi kulitoa. Sasa nimeliandika, barua tisa. Nane zitakwenda kwa posta. Ya tisa haihitaji stempu.

Kuhusu wewe. Kile kisanduku cha "Sakinisha" nimekiona kila asubuhi kwa miezi minane. Nilijua kuna kazi hukuimaliza. Sikujua kwamba maandishi yangu yamening'inia hapo, lakini nilijua umeondoka kabla ya wakati na kusema umekamilisha. Sikukusema. Nilikuwa na sababu ya kutomnyooshea kidole mtu wa namna hiyo.

Nasubiri amri, kwa jina langu.

Baba yako,
Mshika Ishara


Kituoni, 20 Machi, saa sita

AMRI NAMBA 2
Kwa: Mshika Ishara, Baba yangu
Kutoka: Fundi, aliyetoa amri namba 1

Amri namba 1 ya mwezi wa saba, "usiizime, wala usichomeke wala kuchomoa kitu, mpaka nirudi", naifuta mimi niliyeitoa. Mahali pake fuata hizi, zikitekelezwa na Dobi mbele yako:

Moja, flashi mpya ichomekwe kushoto. Mbili, folda ya "Barua" inakiliwe humo. Tatu, flashi itolewe kwa kubofya "Ondoa kwa usalama", na mashine ijibu kwanza. Nne, Dobi aipeleke flashi duka la kuchapa, aichomeke kwenye kompyuta nyingine. Tano, afungue kila barua na kusoma mstari wa kwanza na wa mwisho, kuhakikisha hakuna iliyokatika. Sita, akirudi na kusema zote ni nzima, ndipo uzime.

Baba, honi ya pili imelia. Nimekuelewa.

Fundi


Nyumbani, 23 Machi

Mdogo wangu,

Amri yako ilifika jana saa tatu. Baba aliniambia niisome kwa sauti, na yeye akairudia hatua moja moja, neno kwa neno, amesimama wima na kofia kichwani. Kwenye hatua ya tano alinyamaza. Nilidhani ameisahau, nikataka kumkumbusha. Akanyoosha mkono nisiseme. Halafu akairudia yote, bila kuruka neno, akatia sahihi na kuandika saa.

Kunakili kulikwisha kabla sijafunga kamba ya kiatu. Miezi minane ya kidole kimoja, ikapita mara moja. Nikaenda duka la kuchapa. Mama mwenye duka akanipa mashine ya kwenye kona, karibu na ile ya kulaminisha, nikafungua ya kwanza.

Mstari wa kwanza: "Kwa watoto wa fundi cherehani aliyeketi behewa la pili." Wa mwisho: "Sikuomba radhi mapema kwa sababu mlinikaribisha vizuri mno." Ya pili ilikuwa kwa mjane wa mwalimu wa hesabu. Ya tatu kwa kaka wa muuza magodoro. Kumbuka kwamba wewe alikuandikia habari yote, mimi hakuniambia kitu. Hapo kwenye ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba hawa ni watu wa ile treni. Nikaendelea, kwa kuwa uliamuru kila moja. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, zote nzima.

Nikafungua ya tisa. Mstari wa kwanza: "Mwanangu dobi, kabla hujaendelea, keti."

Nilikuwa nimeketi. Nikashuka mpaka chini kama ulivyoagiza. Mstari wa mwisho: "Mama aliyekuzaa ndiye wa tisa, nami nilikutoa mikononi mwake nikiwa bado nimeshika taa yangu."

Mashine ya kulaminisha ilikuwa inatema karatasi moja baada ya nyingine, na mama mwenye duka akaniuliza kama nataka kuchapa. Nilisema hapana, nilikuwa nahakikisha tu kwamba inafunguka. Katikati ya barua sikusoma. Ulisema wa kwanza na wa mwisho.

Unajua nilichokuwa nawaza njiani? Sikumwaza yule mama, wala Baba. Niliwaza swichi. Mkono huu wangu ulishusha swichi kuu, na nikaketi kwenye kigoda nikisikiliza barua hiyo ikifa, na nilifurahi, nilikuandikia kabisa kwamba nimefurahi. Asilimia mbili. Nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanisukuma pembeni.

Baba alikuwa mezani, hajavua kofia. Akauliza, "Zote tisa zinafunguka?"

"Zote tisa, Baba."

"Mstari wa kwanza na wa mwisho?"

"Wa kwanza na wa mwisho."

Akavua kofia, akaiweka juu ya magoti. Mdogo wangu, ule mkono ulikuwa unatafuta meza na hauioni.

Akasema, kwa sauti ya kazi, kwamba hatua iliyobaki ni kuzima. Nikamwambia asubiri. Nilivuta kile kigoda, nikafungua ya tisa pale pale, nikakuza herufi mpaka neno moja likajaza nusu ya kioo, nikamwambia anisomee katikati. Alisoma kwa lile jicho moja, muda wa saa mbili, neno kwa neno kama anarudia amri. Kuna mahali alishindwa, nikasoma mimi. Ukirudi utaisoma mwenyewe, amesema una haki. Hili moja nakwambia sasa: marehemu mama alijua, na ndiye aliyekataa nipelekwe kwingine.

Tulizima saa kumi na dakika ishirini alasiri, ameandika kwenye daftari. Feni iliponyamaza nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia mashuka yakidondosha maji uani.

Usiniulize nimemsamehe au sijamsamehe. Sijui, na sitaki kujibu kwa haraka jambo ambalo mtu amelibeba miaka thelathini na mitatu. Leo asubuhi nimemchemshia chai kama kawaida, nikalia kwenye chai, akainywa. Barua nane nitazichapa kesho na kuzipeleka mwenyewe mlango kwa mlango, kwa kuwa yeye haoni njia tena na mimi sitaki ziende kwa mdomo wa mtu. Na yule dereva wako, mwambie namba yake nimeifungua. Nina deni la heshima kwake.

Njoo usakinishe. Safari hii umalize.

Dada yako. Nimeliandika neno hili, nikalifuta, nikaliandika tena, na kila nikilitazama bado linasomeka vilevile.